Chapati ya Mama na chapati ya bufe: maneno ya chakula yalivyotufikia

Katika sura ya 3 ya kazi yangu ya kumaliza masomo kulikuwa na jedwali lenye safu nne: neno, maana, lugha lilikotoka, na mfano. Lilikuwa jedwali la maneno ya chakula ambayo Kiswahili kimekopa. Kwenye safu ya lugha nilikuwa nimeandika "Kihindi" mara 19, mstari baada ya mstari: chapati, sambusa, pilau, biriani, bajia, achari, kachumbari, na kuendelea. Nilikuwa nimeridhika nalo. Mwalimu anayesimamia kazi yangu alinirudishia sura hiyo ikiwa na neno moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Umevila?"

Nilidhani ananitania. Nilipomfuata ofisini akaniambia hapana. Mtu anayeandika juu ya neno la chakula, alisema, anaandika juu ya vitu viwili: sauti iliyo mdomoni na kitu kilicho sahanini. Mimi nilikuwa nimeshughulikia sauti peke yake, na hata hiyo nilikuwa nimeinakili kutoka orodha za watu wengine. "Nenda ukale," akasema, "halafu uandike upya."

Wiki hiyo hiyo Mama alikuwa Lubumbashi. Alikuwa ametoka Kalemie kuja kumwona daktari wa macho. Mama anauza chapati na sambusa karibu na bandari, na ada ya miaka yangu yote ya chuo imetoka kwenye kikaango chake. Nikaona nifanye mambo mawili kwa pamoja: nimpeleke Mama kula chakula ambacho hakukipika yeye, na nimjibu mwalimu wangu. Mjini kuna mkahawa wa Wahindi wenye bufe mchana. Nilikuwa nimeweka akiba ya dola 30, yaani 15 kwa kila mtu. Makala haya yanaeleza tulichokikuta mezani, na kwa nini jedwali langu halikuweza kubaki kama lilivyokuwa.

Bufe ni nini, na inafanyaje kazi

Tuanze na neno lenyewe. Katika nyumba zetu bufe ni kabati la sebuleni, lile lenye vioo, ambamo mama huweka sahani za wageni na watoto hawaruhusiwi kuligusa. Hatukukosea kuliita hivyo. Katika Kifaransa jina hilo ni la samani: meza au kabati ambalo vyombo na chakula huwekwa juu yake. Baadaye likaanza kutaja pia chakula chenyewe kilichopangwa juu ya meza ili kila mtu ajipakulie. Sisi tumezipokea maana zote mbili, kwa hiyo tunayo bufe iliyofungwa kwa ufunguo na bufe iliyo wazi kwa kila aliyelipa.

Mama aliposikia bei alisimama mlangoni. "Dola 30 kwa kula mchana mmoja? Kwa hizo mimi napika wiki nzima." Kijana wa kuhudumia alikuwa amesikia, akaja na sahani mbili mkononi.

"Mama, karibu. Hapa unakamata sahani, unajitilia weye mwenyewe. Ikiisha, unarudia tena."

"Na nikirudia, falanga ngapi?"

"Ni ile ile, Mama. Hata urudie mara tano. Hapa njo vile banakulaka."

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wameona kwamba swali la Mama halikuwa na neno "pesa". Pesa ni jina lililotoka kwa paisa, sarafu ya India, likaingia Kiswahili kupitia pwani. Kwetu linaeleweka, lakini mdomoni tuna falanga, iliyotoka kwa faranga ya Wabelgiji. Hata kabla ya kuketi nilikuwa nimeshapata somo la kwanza: neno la kukopa halienei nchi nzima kama maji ya mvua. Linafuata njia ambayo watu walipita, na mahali ambapo njia nyingine ilikuwa na nguvu zaidi, linasimama.

Kwa wale ambao hawajawahi kula bufe ya namna hii, utaratibu ni huu. Chakula kiko katika vyombo vya chuma vyenye vifuniko, vimekaa juu ya maji ya moto, na chini yake kuna vimoto vidogo. Mchuzi wenye viungo unastahimili joto hilo saa mbili tatu bila kuharibika, na kwa sababu hiyo mkahawa unaweza kupika mara moja asubuhi, ukawalisha watu wa ofisini wenye muda mfupi, kwa wahudumu wachache. Vitu visivyoweza kungoja, kama mkate, vinaletwa mezani vikiwa vya moto.

Mpangilio nao si wa bahati. Mwanzoni mwa meza kuna kachumbari, mtindi wenye matango na achari. Halafu wali, kisha dengu na mboga. Kuku na mbuzi wako mwisho kabisa. Anayejipakulia kwa pupa hufika penye nyama sahani ikiwa imejaa wali. Ushauri wangu: zunguka kwanza mikono mitupu, usome vibao, ndipo uchukue sahani. Mama hakuhitaji ushauri huo. Alizunguka meza yote akifunua vifuniko na kunusa, kama anavyofanya sokoni.

Nyama ya ng'ombe haikuwepo, wala ya nguruwe. Wahindu wengi hawali ng'ombe, Waislamu hawali nguruwe, na mkahawa unaotaka wateja wa pande zote mbili hubaki na kuku, mbuzi na samaki. Lakini kilichomshangaza Mama zaidi ni kwamba nusu ya meza haikuwa na nyama hata kidogo. Nikamweleza kwamba India kuna watu wengi sana wasiokula nyama maisha yao yote, kwa sababu ya dini, na kwamba baadhi yao ni matajiri. "Kwetu siku ya sombe tupu tunasema kuna shida," akajibu. Akajitilia dengu.

Vibao

Kila chombo kilikuwa na kibao cha karatasi kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Nilitoa daftari langu. Nilitarajia kukuta jedwali langu limeandikwa juu ya meza. Nilikuta maneno ninayoyajua, lakini kila moja lilikuwa limekaa tofauti kidogo na nilivyolizoea.

Kwenye mkate palikuwa na majina matatu: naan, roti, na tandoori roti. Naan ni neno la Kiajemi lenye maana ya mkate tu. Anayesema "mkate wa naan" anasema "mkate wa mkate". Na hiyo tandoori inatokana na tandoor, jiko la udongo lenye umbo la mtungi, ambamo mkate hubandikwa ukutani na nyama hushushwa kwa vijiti vya chuma. Neno hilo tunalo zamani. Kwa Kiarabu ni tannur, na kwa Kiswahili ni tanuri, lile la kuchomea chokaa na matofali. Katika daftari langu la kamusi tanuri lilikuwa chini ya "Kiarabu", na tandoori ningeliweka chini ya "Kihindi", bila kuona kwamba ni ndugu wawili waliolelewa katika nyumba tofauti.

Kwenye wali palikuwa na pulao na biryani. Pilau na biriani zetu zinafanana nazo waziwazi. Ila maneno yote mawili yana asili ya Kiajemi. Biryani inahusiana na kukaanga au kuchoma. Kiajemi kilikuwa lugha ya mahakama na ya wasomi katika dola nyingi za India kwa karne kadhaa, na jiko la wakubwa lilizungumza lugha ya wakubwa. Achari nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo, mistari mitatu ya "Kihindi" katika jedwali langu ilikuwa imeshaanza kutikisika, na nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Chapati

Mama aliagiza chapati. Kijana akaenda jikoni, akarudi na kikapu chenye vitu viwili vyembamba, vikavu, vyenye madoa ya moto, laini kama kitambaa. Mama aliangalia ndani ya kikapu, kisha akamwangalia kijana.

"Niliomba chapati."

"Njo hii, Mama."

Mama alichukua kimoja, akakikunja, akakichana, akatazama pale palipochanika. Hivyo ndivyo anavyokagua kazi ya wasichana wanaomsaidia. "Hawakutia mafuta katika unga," akasema. "Hawakukunja. Wamesukuma mara moja tu, wakaweka kwenye chuma kikavu. Na unga si mweupe, wameacha maganda." Akala kipande. "Si mbaya. Lakini hii ni mkate wa mgonjwa."

Kila alichosema ni sahihi. Chapati ya India hupikwa kwa unga wa ngano nzima, maji, na pengine chumvi. Inasukumwa mara moja na kuokwa juu ya chuma kisicho na mafuta. Jina lake linahusishwa na kupiga kwa kiganja ili kitu kiwe bapa. Chapati ya Kalemie, kama ya Kigoma ng'ambo ya ziwa, ni ya unga mweupe uliokandwa na mafuta. Tonge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa na kuzungushwa kama konokono, linaachwa lipumzike, kisha linasukumwa tena na kukaangwa. Ndipo linapopata tabaka. Mkate wa namna hiyo upo India, lakini unaitwa paratha.

Kwa maneno mengine, tulichukua jina la mkate mmoja na kulipa mkate mwingine. Kwa mwanafunzi wa semantiki jambo hili linaeleweka: chapati na paratha zinasukumwa kwenye ubao ule ule, huliwa kwa mchuzi ule ule, na jina moja lilitosha. Lakini jedwali langu lilisema: "chapati, mkate bapa wa ngano, Kihindi". Umbo la neno ndilo la Kihindi. Maana iliyoandikwa haitoshi kumtofautishia mtu mkate wa Mama na ule uliokuwa katika kikapu.

Hapo nikafanya kosa. Kwa furaha ya kugundua, nikamwambia Mama kwamba chapati ni neno la Wahindi, na kwamba nimeliandika hivyo katika kazi yangu. Mama akaacha kula.

"Basi miaka yote hii nimekuwa nauza kitu cha watu?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba kiwanja anachokaa kina hati ya mwingine. Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimejifunza darasani kwamba kila lugha hukopa, kwamba hakuna aibu, kwamba Kiingereza chenyewe kimejaa Kifaransa. Sikuwahi kufikiri kwamba safu moja ya jedwali inaweza kumfikia mtu aliyepika kitu hicho kila asubuhi saa kumi kwa miaka zaidi ya 20.

Sambusa na herufi moja

Kilichonisaidia ni sambusa. Kwenye kibao paliandikwa samosa. Ndani ya chombo mlikuwa na vitu vinene kama piramidi ndogo, vyenye ngozi nzito, vimejazwa viazi na njegere. Sambusa za Mama ni bapa, zenye pembe tatu, ngozi nyembamba inayovunjika, na ndani mna nyama ya kusaga na vitunguu. Nikamwonyesha kibao na kumwomba asome jina kwa sauti. Akasoma: "Samosa." Nikamwuliza iko wapi b yake.

Herufi hiyo moja ni muhimu. Umbo la zamani la neno hili ni la Kiajemi na lina b: sanbosag. Waarabu walilichukua nayo wakasema sanbusaj au sanbusak, na vitabu vya upishi vya Baghdad vya karne ya 10 vinaeleza namna ya kuzitengeneza. Kule India b ilipotea. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipokuwa Delhi katika karne ya 14, alizitaja kwa jina la samusak, na kueleza kwamba ni nyama iliyosagwa na kuchanganywa na lozi na vitunguu, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kiswahili kina b. Umbo la neno letu liko karibu zaidi na la Kiajemi na Kiarabu kuliko la India, na ngozi yetu nyembamba haifanani na ile nene ya kwenye chombo. Na viazi vilivyokuwa ndani ya samosa ya bufe ni mgeni kwa wote: vilitoka Amerika, vikavuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania.

Nikamweleza Mama haya kwa maneno mepesi: kwamba Wahindi wenyewe walikopa sambusa, kwamba wakaibadilisha jina na kujaza, na kwamba leo hakuna anayewaambia wanauza kitu cha watu. Alifikiri kidogo. "Basi na wao walikuwa na mama zao," akasema, akaendelea kula.

Viungo na maslahi

Baada ya hapo tulirudi mezani mara ya pili, na tukarudi na kuku katika mchuzi mwekundu wa nyanya na siagi, mbuzi, na jibini laini katika mchicha. Kijana alitueleza kwamba rangi na harufu vyote ni "masala". Neno masala kwa watu wa India ni mchanganyiko wa viungo: bizari, iliki, karafuu, mdalasini na vingine, kila jiko kwa kipimo chake. Asili yake ni Kiarabu, masalih, yaani vitu vyenye manufaa, vifaa vinavyohitajika kwa kazi fulani. Kiswahili nacho kilichukua neno hilo hilo moja kwa moja kutoka Kiarabu, kikalifanya maslahi. Wanasiasa wetu wanaposema "maslahi ya taifa", wanatamka jina la viungo vya mchuzi. Kila mmoja anajua mchuzi huo huliwa na nani.

Pilipili ina hadithi ndefu zaidi. Neno lilianzia India. Katika Kisanskriti pippali ni pilipili ndefu, jamaa ya pilipili manga. Kutoka hapo likaenda Uajemi na Uarabuni upande mmoja, likatufikia kama pilipili. Upande mwingine likaenda Ugiriki na Roma, likawa poivre ya Kifaransa. Lakini pilipili kali tuliyoikuta katika achari, ile inayomfanya mtu atafute maji, haikuwepo India wala Afrika kabla ya mwaka 1492. Ilitoka Amerika, na Wareno ndio walioieneza katika bandari za Bahari ya Hindi. Ilipofika, jina lilikuwa tayari linaingoja. Watu waliangalia kitu kipya kinachochoma ulimi, wakakipa jina la kitu cha zamani kinachochoma ulimi. Baadaye jina likaendelea na safari: Kifaransa cha Kongo na cha Ubelgiji kinasema pili-pili.

Kwa hiyo, ningeandika nini katika safu ya lugha? "Kisanskriti" kwa sauti na "Amerika" kwa mmea? Swali hili ndilo alilokuwa ananiuliza mwalimu kwa neno lake moja.

Na tulipofika kwenye chai, Mama aliomba sukari na kijana akaleta "sucre". Maneno yote mawili yanarudi kwa sharkara ya Kisanskriti kupitia Kiajemi na Kiarabu. Katika kikombe kimoja tulikoroga neno moja mara mbili.

Wahindi gani?

Watu walipopungua, mwenye mkahawa alikuja kutusalimu. Anazungumza Kiswahili cha Lubumbashi kama mtu wa Kenya au Katuba, na nilipomweleza kazi yangu alivuta kiti. Nikamwonyesha jedwali. Akacheka aliposoma "Kihindi, Kihindi, Kihindi".

"Kihindi cha nani?" akauliza. Wazazi wake ni watu wa Gujarat, magharibi mwa India. Nyumbani wanazungumza Kigujarati, hawali nyama, na mama yake hajawahi kupika kuku wa siagi. Chakula cha bufe yake, alisema, ni cha Punjab, kaskazini, kwa sababu ndicho ambacho wateja duniani kote wamezoea kukiita chakula cha Kihindi.

Hili nililifuatilia baadaye. India na Pakistan zilipogawanywa mwaka 1947, wakimbizi wengi wa Punjab walihamia Delhi, wakafungua mikahawa, na jiko la tandoor likawa maarufu mjini. Kutoka huko lilienea katika mikahawa ya nchi za nje. Lakini Wahindi walioishi na kufanya biashara katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi walikuwa kwa wingi watu wa Gujarat na Kutch. Bajia yetu ni bhajiya ya Kigujarati. Kwa hiyo kuna India mbili mezani: ile iliyotupa maneno zamani kwa njia ya jahazi na duka, na ile ya vibao, iliyokuja juzi kwa ndege. Naan na tandoori hazimo katika Kiswahili cha Mama kwa sababu zilichelewa kuondoka. Neno "Kihindi" linazifunika zote, na mtu wa Gujarat anacheka.

Zilivyofika kwetu

Wenzangu wa kitivo wataniuliza: na zilifikaje mpaka Kalemie na Lubumbashi? Bahari iko mbali.

Mchanganyiko wa vyakula hivi pwani ni wa kale. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla hajafika Mombasa na Kilwa, alilishwa wali wenye samli pamoja na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa katika maziwa, na pembeni ndimu na pilipili za kachumbari ya siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Ukiweka vifuniko na vimoto, ile ni bufe.

Kuja bara kulikuwa na bei yake. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar ilifika Manyema. Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo na aliyeacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, alikopeshwa mali na Taria Topan, tajiri wa Zanzibar mwenye asili ya Kutch. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa njia hiyo, na hatuwezi kusifu maneno yaliyosafiri na kusahau watu waliofungwa minyororo katika safari hiyo hiyo. Baadaye kukaja reli. Ile ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na upande wetu ile ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Unga wa ngano, chai, na wachuuzi wenye maduka walivuka ziwa kwa urahisi zaidi.

Mama hajui Taria Topan. Anajua mwanamke mmoja wa Kigoma aliyekaa naye nyumba moja alipokuwa msichana, aliyemfundisha kukunja chapati kama konokono na kumpiga mkono kila alipobana unga. Kwangu hicho ni chanzo kama vyanzo vingine, na ni cha pekee kinachoeleza kwa nini chapati yake ina tabaka.

Jedwali jipya

Kabla hatujaondoka Mama alimweleza mwenye mkahawa namna anavyopika. Yule bwana alisikiliza vizuri, akauliza kuhusu mafuta na muda wa kupumzisha unga, kisha akasema: "Mama, hiyo yako si chapati. Kwetu hiyo ni paratha."

"Muite vile munataka," Mama akasema. "Kalemie ni chapati."

Hakuna aliyekosea. Mwenye mkahawa anasema kweli juu ya kitu, Mama anasema kweli juu ya neno katika lugha yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimekosea, kwa kudhani kwamba nikishaandika asili ya neno nimemaliza kueleza neno.

Jedwali la sura ya 3 sasa lina safu sita: neno, umbo la zamani tunaloweza kulithibitisha, lugha lilizopitia, kitu kinachoitwa hivyo huko, kitu kinachoitwa hivyo kwetu, na aliyefundisha au anayepika. Kati ya mistari 19 ya "Kihindi" imebaki mitano, na kila mmoja unataja ni lugha gani ya India. Pilau, biriani na achari zimehamia kwa Kiajemi, na njia ya kila moja imeandikwa. Sambusa ina mstari wake na b yake. Maneno manne nimeyaondoa kabisa, kwa sababu niliyachukua katika orodha na sijawahi kumsikia mtu wa Kalemie wala wa Lubumbashi akiyasema.

Kwa wenzangu mnaoandika juu ya maneno ya kazi, ya nguo, ya muziki, ushauri ni mfupi. Nendeni mahali ambapo kitu kinatumika, pamoja na mtu anayekijua kwa mikono. Na mkimwambia kwamba neno lake limetoka mbali, msiondoke kabla hamjamweleza na njia iliyobaki.

Mwalimu ameirudisha sura. Safari hii kalamu nyekundu iko mahali pamoja tu, kwenye safu ya sita, mbele ya chapati: ameandika kwamba anataka kuonja. Mama amerudi Kalemie na miwani mipya. Siku ya utetezi anasema atakuja, na hatakuja mikono mitupu.